Wanataka kuhifadhi damu ya mwanangu kwa ajili ya utafiti. Nisaini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chang'ombe, hapa Dodoma. Mwanangu wa pili ana miaka saba na ana selimundu (sikoseli). Juzi kliniki, baada ya kutolewa damu ya vipimo, alinifuata dada mmoja na fomu ya kurasa nne. Anaomba ridhaa yangu ili sehemu ya damu ya mtoto ihifadhiwe kwenye benki ya sampuli kwa miaka mingi, itumike kwenye tafiti za sasa na za baadaye, zikiwemo za vinasaba. Niliomba niende na fomu nyumbani. Mume wangu ana wasiwasi. Mama mkwe ndiyo kabisa, anasema damu ya mjukuu wake haitalala kwenye friza la watu asiowajua. Naomba unieleweshe. Damu hiyo inafanywa nini? Inauzwa? Inaweza kupelekwa Ulaya? Mwanangu atafaidika na nini? Na nikikataa, wataendelea kumhudumia? – Mama Neema

JIBU: Marahaba, Mama Neema, na pole kwa kuuguza. Umefanya vizuri kuondoka na fomu. Mtafiti anayejua kazi yake hamnyimi mzazi nafasi ya kwenda kutafakari na wenzake, na anayekuharakisha usaini hapohapo kwenye benchi la kliniki, huyo muepuke.

Naanza na swali lako la mwisho. Ukikataa, mwanao ataendelea kuhudumiwa kama kawaida: dawa zake, kliniki yake, kitanda chake akizidiwa. Tiba na utafiti ni mambo mawili, hata yakifanyika chini ya paa moja na mtu yuleyule. Fomu yoyote iliyopita kwenye kamati ya maadili huwa na sentensi inayosema hivyo waziwazi. Itafute kwenye hizo kurasa nne. Kama haipo, usisaini.

Kuhusu mama mkwe, naomba msimpuuze. Hofu ya wanyonya damu si hadithi ya kale kwetu Kanda ya Kati. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, watafiti wawili wa kilimo kutoka Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani wamekuja kunyonya watu damu. Walikuwa kwenye kazi ya kuchukua sampuli za udongo. Hakuna kinachohalalisha mauaji yale. Ila yanatuonyesha hofu hii ina uzito gani, na kwamba haiwezi kuondolewa kwa kumwambia mtu mzima kuwa hajasoma. Mama mkwe anauliza swali la msingi kuliko sisi wote: hao wanaoitunza ni nani? Mimi ningekushauri umwombe aende nawe kliniki, na kama inawezekana aonyeshwe hiyo maabara. Benki iliyojengwa kwa nia njema haiogopi kutembelewa na bibi wa mtoto.

Sasa damu yenyewe. Kwanza, hii siyo benki ya damu salama, ile inayotunza damu ya kuongezewa wagonjwa. Damu ya mwanao haitaingia mwilini mwa mtu. Mara nyingi sindano ni ileile ya vipimo vya siku hiyo, wanajaza tyubu moja zaidi, ile ya kifuniko cha zambarau yenye dawa ya kuzuia damu isigande. Muulize dada wa utafiti ni mililita ngapi wanachukua, maana mtoto mwenye selimundu tayari ana upungufu wa damu, na kiasi hicho lazima kiwe kimeandikwa.

Maabara wanaiweka tyubu kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Ikitoka, damu imejitenga. Juu kuna maji ya manjano hafifu, ndiyo plazima. Chini kabisa zimetulia chembe nyekundu. Katikati yake unabaki utando mwembamba wa weupeweupe ambao asiyejua anaweza asiuone. Utando huo ndio unaotafutwa sana, kwa kuwa umebeba chembe nyeupe, na humo ndimo vinasaba vinamotolewa. Chembe nyekundu ikishakomaa haina kiini, kwa hiyo haina vinasaba vya kusoma. Plazima nayo inagawanywa kwenye vichupa vidogo kadhaa badala ya kuwekwa kwenye chupa moja kubwa, kwa sababu kila mara ukiyeyusha sampuli na kuigandisha tena unaiharibu kidogo. Akija mtafiti anayehitaji kupima kitu kimoja, kinatolewa kichupa kimoja tu, vingine vinabaki vimelala.

Kila kichupa kinabandikwa stika yenye namba. Jina la mwanao halipo pale. Orodha inayounganisha namba na jina inatunzwa mahali pengine, na wanaoruhusiwa kuifungua ni wachache. Kisha vichupa vinaingia kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. La nyumbani kwako liko kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo hilo ni friza la aina nyingine kabisa. Chembe hai, zile zinazotakiwa ziamshwe tena baadaye, huwekwa kwenye matangi ya naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Wewe na mimi tunajua umeme unavyokatika. Ndiyo maana swali la jenereta, king'ora cha joto likipanda, na mtu wa zamu anayepigiwa simu usiku, kwangu si swali dogo. Mzazi aliyetoa damu ya mtoto wake ana haki ya kujua kwamba haitaozea kwenye friza lililozima.

Lakini kwa nini itunzwe miaka yote hiyo? Nitakupa mfano unaotuhusu watu wa Dodoma. Mwaka 2016 mkoani kwetu na Manyara ulizuka ugonjwa uliotokana na sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Watu wapatao 20 walifariki. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Sasa fikiria anayekula kidogo kidogo kwa miaka ishirini: utajuaje imemfanya nini? Akija hospitali ana saratani ya ini, huwezi kupima mkojo wake wa miaka mitano iliyopita, na ukimuuliza mahindi aliyokula msimu ule yalikuwa na ukungu kiasi gani, hawezi kukwambia.

Jibu lilipatikana kwenye friza. Miaka ya 1980, mjini Shanghai, watafiti walikusanya damu na mkojo wa wanaume zaidi ya 18,000 ambao hawakuwa na saratani, wakahifadhi na kuwafuatilia. Miaka ikapita, baadhi yao wakapata saratani ya ini. Ndipo watafiti wakarudi kwenye sampuli za zamani, wakatoa za waliougua na za wenzao ambao hawakuugua, wakatafuta mabaki ya sumukuvu kwenye mkojo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 na 1994 yalishtua. Aliyekuwa na mabaki ya sumu peke yake, hatari yake ya saratani ya ini ilikuwa mara 3 hivi ya asiyekuwa na sumu wala kirusi. Aliyekuwa na kirusi cha homa ya ini aina ya B peke yake, mara 7 hivi. Aliyekuwa na vyote viwili, karibu mara 60. Leo tukihimiza chanjo ya homa ya ini B kwa watoto na kukausha mahindi juu ya turubai, tunasimama juu ya mkojo uliotolewa na watu ambao siku ile hawakujua nani kati yao ataugua.

Kazi ya benki ya sampuli ni hiyo, kutunza leo kwa ajili ya swali ambalo bado halijaulizwa. Faida yake ipo hapo, na hatari yake ipo hapohapo. Nitalirudia hili mbele kidogo.

Njoo sasa kwenye selimundu. Bila shaka umeshawaona kliniki watoto wawili wenye ugonjwa huohuo, mmoja analazwa kila mara, mwingine anacheza mpira na wenzake. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na himoglobini, kile kibeba hewa cha ndani ya chembe nyekundu, hasa himoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto huwa nayo tumboni. Kwa kawaida mwili huizima baada ya kuzaliwa, ila kwa baadhi ya watu haizimwi yote, na kadiri inavyobaki nyingi ndivyo ugonjwa unavyopungua makali. Mwaka 2007 na 2008, kwa kusoma vinasaba vya watu wengi vilivyohifadhiwa, watafiti waligundua kwamba kinasaba kimoja, jeni iitwayo BCL11A, inahusika na uzimaji huo. Je, kwetu ni hivyo pia? Muhimbili walikuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004 na kutunza sampuli zao. Sampuli hizo zilipimwa, na mwaka 2011 ikachapishwa kwamba ndiyo, hata kwa wagonjwa wa Tanzania jeni hiyo ina mchango. Wazazi waliosaini fomu kama yako ndio waliowezesha jibu hilo.

Uvumbuzi ule ulizaa tiba. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri chembe za uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa mgonjwa mwenyewe ili BCL11A isifanye kazi yake pale na himoglobini ya kichanga irudi. Wakati huo iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Bei iliyotangazwa Marekani wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2, yaani zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mgonjwa mmoja.

Nimekutajia bei hiyo kwa makusudi, Mama Neema, kwa sababu umeuliza mwanao atafaidika na nini na sitaki kukupaka mafuta. Kwa mwaka huu na mwaka ujao, yeye mwenyewe pengine hatapata chochote kutokana na sampuli hiyo. Usitegemee kupigiwa simu ya majibu. Benki nyingi za sampuli hazirudishi majibu ya mtu mmoja mmoja. Mtafiti anayekwambia "saini ili mtoto apone" anakudanganya. Na ugunduzi uliotokana na wagonjwa maskini kugeuka dawa ambayo maskini hawaigusi ni jambo linalonikera, na linapaswa kuwakera wote wanaokusanya sampuli Afrika.

Hata hivyo, kutokuwepo kabisa kwenye friza hizo kuna gharama yake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kuwa kati ya watu wote waliokuwa wameingizwa kwenye tafiti kubwa za kutafuta jeni za magonjwa, asilimia 81 walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa karibu asilimia 3. Nchi yetu inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, ikiwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Dozi, vipimo na dawa vikibuniwa kwa kusoma miili ya wengine, sisi tutabaki kukisia kama vinatufaa. Hilo ndilo linalonifanya nitake benki hizi ziwepo, na ziwepo hapa nyumbani.

Sasa hatari. Kuanzia mwaka 1990, watafiti wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Arizona, Marekani, walichukua damu ya Wahavasupai, jamii ndogo ya wenyeji wa asili wanaoishi chini kwenye bonde la Grand Canyon. Walikuwa wakisumbuliwa mno na kisukari, na walitoa damu wakiamini wanasaidia kutafuta dawa yake. Miaka baadaye mmoja wao, akiwa amehudhuria uwasilishaji wa tasnifu chuoni hapo, aligundua kwamba damu ya watu wake ilikuwa imetumika kutafiti mambo mengine: maradhi ya akili, ndoa za ndugu kwa ndugu, na wapi mababu zao walitokea, jambo lililopingana na wanachoamini kuhusu chimbuko lao. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki. Wazee walikwenda kuichukua wenyewe.

Hakuna aliyeumizwa na sindano pale. Kilichoumiza ni swali walilofanyiwa bila kuulizwa. Kwa hiyo ukisoma fomu yako, macho yako yatue hasa kwenye maneno "tafiti za baadaye". Tafiti gani? Za selimundu tu? Za ugonjwa wowote? Au pia za asili za makabila? Yote yanaweza kuwa halali. Mwaka 2012, kwa mfano, zilichapishwa taarifa za vinasaba vilivyosomwa kikamilifu vya Wasandawe watano na Wahadzabe watano wa hapahapa Tanzania, na kilichotafutwa ni historia ya kale ya binadamu. Mtu anaweza kulipenda swali hilo na kulikubali. Lakini ni tofauti na kutafuta nafuu ya mtoto mgonjwa, na anayetoa damu anapaswa kujua amekubali lipi. Fomu nzuri hukupa visanduku uweke alama: hili nakubali, hili hapana. Kama ya kwako ina saini moja tu ya kukubali kila kitu milele, rudi uombe maelezo. Uliza pia: akija mtafiti mpya mwaka 2040 akitaka kichupa cha mwanangu, nani ataamua apewe au asipewe? Jibu zuri linataja kamati, na kamati hiyo iwe na mtu wa kawaida ndani yake, isiwe ya wanasayansi peke yao.

Kuuzwa: hapana. Sampuli hazipaswi kununuliwa wala kuuzwa, na wewe hulipwi kwa kutoa. Kurudishiwa nauli ni jambo jingine. Lakini uliza kama kampuni za dawa zinaweza kuomba kuzitumia, na kwa masharti gani.

Kwenda nje: inawezekana, ila si kiholela. Utafiti wa afya wa namna hii unahitaji kibali cha maadili kutoka kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na sampuli haivuki mpaka bila mkataba maalumu wa kuihamisha unaosema inakwenda kwa nani, kufanya nini, na kinachobaki kitarudishwa au kuteketezwa. Si lazima pia safari iwe ya Ulaya. Mradi wa H3Africa, wa utafiti wa vinasaba na afya barani Afrika, ulioendeshwa kwa miaka kumi hadi 2022, ulisaidia kujenga benki kubwa za sampuli Uganda, Nigeria na Afrika Kusini. Kwenye fomu tafuta namba ya kibali. Isipokuwepo, una sababu tosha ya kukataa.

Kuhusu siri, nakwambia kweli yote. Namba badala ya jina ni kinga nzuri, lakini vinasaba vyenyewe ni alama ya mtu. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba waliweza kuwatambua watu karibu 50 kutoka kwenye takwimu za vinasaba zilizowekwa wazi bila majina, kwa kuzilinganisha na taarifa za koo zilizo mtandaoni. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za vinasaba kwenye kundi la taarifa nyeti, na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 nayo ipo. Sheria hizo zinakupa pa kusimama. Haziifanyi hatari kuwa sifuri.

Pengine mume wako ana wasiwasi mwingine ambao wanaume wengi hawausemi: je, damu hii itatoa habari za nani ni baba wa nani? Vinasaba vya mtoto peke yake haviwezi kusema hilo. Lazima vilinganishwe na vya mzazi. Kama utafiti unataka damu ya familia nzima, fomu iseme kuwa habari za namna hiyo hazitatolewa kwa mtu yeyote. Kupima uhalali wa mzazi ni huduma nyingine, yenye utaratibu wake wa kisheria, na haifanywi kwa mlango wa nyuma wa utafiti wa selimundu.

Unaweza pia kubadili mawazo. Ukijitoa, vichupa vilivyobaki vinateketezwa na hakuna utafiti mpya utakaofanyika juu yake. Matokeo yaliyokwisha kuchanganywa na ya watu mamia na kuchapishwa hayawezi kurudishwa nyuma, na ni vizuri ulijue hilo kabla. Halafu kuna mwanao mwenyewe. Leo unamsemea wewe. Muelezeni hata sasa kwa lugha yake, miaka saba anaelewa mengi, na akikataa katakata tyubu ya ziada msimlazimishe. Akifikisha miaka 18 anatakiwa aulizwe upya, kwa kuwa damu ni yake. Uliza watamtafutaje siku hiyo ikiwa mmehama Chang'ombe.

Unataka kujua mimi ningefanya nini. Kama kibali kipo, benki ipo nchini na ina kamati inayoamua, matumizi yametajwa, na kuna mtu mwenye namba ya simu anayejibu maswali yangu bila kukunja uso, ningesaini kwa matumizi ya magonjwa, na kwa mengine ningeomba niulizwe kwanza. Moja kati ya hayo likikosekana, ningewaambia nitangoja. Uamuzi wenu ukiwa tofauti na wangu, bado ni uamuzi halali.

Jambo moja la tiba ambalo hukuuliza, na halina uhusiano wowote na fomu hiyo. Una watoto watatu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapahapa Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na uloto huo kwa kawaida hutoka kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye vipimo vimeonyesha analingana na mgonjwa. Si kila mtoto anafaa, tiba yenyewe ni nzito na ina hatari zake, na uwezekano wa ndugu mmoja kulingana ni mmoja kati ya nne. Lakini mkienda kliniki safari ijayo, muulize daktari wake kama inafaa ndugu zake wapimwe. Majibu ya kipimo hicho yatakuwa ya mwanao, na mtapewa mkononi.